Papa alikawia kwenda hospitali: je, haki yake imepotea?

Salamu Yaya,

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, naishi Katuba, hapa Lubumbashi, na nauza unga na maharagwe soko la mtaa wa Kenya. Ninakuandikia kwa ajili ya Papa. Ana miaka 66. Alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, mpaka wakati ule wa kuondolewa watu kwa malipo, 2003, na tangu hapo anajitafutia kwa kutengeneza redio na pasi za majirani.

Wiki tano zilizopita alipanda pikipiki kwenda mjini. Njiani kamyoneti ya mizigo ilikata kona bila kutoa ishara, ikawagonga ubavuni. Manseba, yule mwendesha pikipiki, alichubuka mikono tu. Papa alirushwa, kichwa kikagonga lami, na hakuwa na kofia. Lakini aliinuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akasema, "Niko muzima, musinihangaikie." Polisi wa rulaji, wale wa barabarani, walifika, wakapima barabara, wakaandika. Mwenye kamyoneti naye akaja, mtu mwenye heshima zake. Aliomba radhi, akampa Papa dola 60 za dawa, kisha akamtilisha saini kwenye karatasi ya Kifaransa. Papa hakuwa na miwani yake siku hiyo.

Jioni mguu ukavimba. Mama alimkanda kwa maji ya moto, na siku zilizofuata tukampeleka kwa mzee anayeunga mifupa kule Ruashi. Yaya, nikuambie ukweli, hospitali tuliiogopa. Shangazi yetu alipojifungua walimzuilia huko mpaka ukoo mzima ulipochanga kulipa deni. Tukasema Papa anatembea, kwa nini tujitafutie deni lingine?

Wiki ya tatu ilipoisha akashindwa kukanyaga. Tukampigisha radio, ile picha ya mifupa, kwenye kituo cha afya: ule mfupa mwembamba wa mguu umevunjika na umeanza kujishika vibaya. Nikaenda kwa mwenye kamyoneti, akanituma kwenye asiransi yake, kampuni ya bima. Bwana niliyemkuta pale alisoma karatasi zangu, akaniuliza: "Ajali tarehe gani? Radio tarehe gani? Katikati hapa mzee alikuwa wapi? Nani anajua kama hakuanguka bafuni kwake?" Nikakosa jibu, nikarudi nyumbani nalia.

Sasa kuna mtu aliyeniambia kwamba kwa dola 30 atanipatia sertifika ya munganga, yaani cheti cha daktari, yenye tarehe ya siku ya ajali. Kaka yangu anasema tuichukue. Mama anasema tumwachie Mungu. Pesa ninayo, nimeifunga kwenye kitenge. Je, tumechelewa kabisa? Niichukue ile sertifika?

Kitu kingine kidogo. Papa amebadilika. Kila asubuhi kichwa kinamuuma, mchana analala sana, juzi aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, na kikombe kinamponyoka mkono wa kushoto. Mama anasema ni mawazo. Anakunywa aspirini ya moyo kila siku kama zamani, na sisi tunamwongezea diklofenaki kwa ajili ya mguu.

Binti wa Katuba

*

Mdogo wangu,

Hicho ulichokiita kitu kidogo ndicho nitakachoanza nacho, maana hakiwezi kungoja. Mpelekeni Papa hospitali leo. Ukiyasoma haya usiku, basi ni usiku huu. Asiransi, kamyoneti na ile karatasi ya Kifaransa vitakuwepo kesho na keshokutwa.

Mzee wa miaka 66 amegonga kichwa kwenye lami. Anakunywa aspirini kila siku. Wiki tano baadaye kichwa kinamuuma asubuhi, usingizi umemzidi, majina yanamchanganya na mkono wa upande mmoja umelegea. Dalili hizo zikikutana, munganga atafikiria haraka damu iliyokusanyika kati ya ubongo na ngozi zinazoufunika. Kwa wazee ubongo husinyaa kidogo, na vimishipa vinavyopita hapo hubaki vimevutika, hivyo pigo ambalo kijana angelisahau linaweza kuvichana. Damu inatoka polepole mno. Mtu anatembea, anakula, anacheka na wajukuu, na shida inaanza kuonekana baada ya wiki tatu au zaidi. Aspirini inazuia damu kuganda, na diklofenaki mliyomwongezea inasukuma upande huohuo.

Siwezi kukuambia kwa barua kwamba Papa ana ugonjwa huo. Skana, picha ya ndani ya kichwa, ndiyo itakayosema. Ninachojua ni kwamba ukigunduliwa kwa wakati unatibika: mpasuaji anatoboa tundu dogo kwenye fuvu, anaitoa ile damu, na wengi wanarudi nyumbani na akili zao. Ukiachwa, unaua. Kwa hiyo usimwachie Mama aendelee kusema ni mawazo. Mwambie kwa upole, lakini umwambie.

Nendeni hospitali kubwa, Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, na kabla ya kutoka pigeni simu muulize skana inafanya kazi wapi leo, msije mkazunguka mji mzima na mgonjwa. Bebeni vidonge vyake vyote pamoja na ile picha ya radio. Diklofenaki msimpe tena. Kuhusu aspirini ya moyo, munganga aamue leo hii, msiikate wenyewe. Na mkifika msiseme tu kwamba mzee anaumwa kichwa. Semeni: alipata ajali ya barabarani tarehe fulani, kichwa kiligonga lami, hakuwa na kofia, mabadiliko yalianza wiki fulani. Semeni pia kuhusu mzee wa Ruashi na kila dawa ya kienyeji aliyopewa. Maneno hayo yataandikwa kwenye fishi yake, karatasi yake ya matibabu, na utaona baadaye kidogo kwa nini nayataka yaandikwe.

Najua unawaza pesa ya kuingilia. Hofu ya kuzuiliwa hospitalini kwa deni watu wa hapa hawakuiota. Nami siwezi kumlaumu aliyeona shangazi yake akifungiwa na mtoto mchanga. Kaka yako aende kwa mwenye kamyoneti leo hiihii, akiwa na mtu mzima mwingine wa ukoo, amwombe alipe matibabu. Kupokea pesa ya matibabu hakufuti madai yenu, mradi karatasi mtakayotia saini iseme tu kwamba mmepokea kiasi fulani kwa ajili ya matibabu, bila neno lingine. Akiwaletea karatasi yenye maneno zaidi ya hayo, pesa ibaki kwake na ninyi mchange kwanza.

Papa akishapokelewa, rudi usome yaliyobaki.

Umeniuliza kama mmechelewa. Hapana. Sheria ya Kongo haisemi popote kwamba asiyekwenda hospitali siku ya ajali amepoteza haki yake. Msingi wa madai yenu uko kwenye kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria za kiraia, sheria ya tangu 1888: mtu aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuirekebisha. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba bosi anajibu kwa kosa la mfanyakazi wake, na mwenye kushika kitu anajibu kwa madhara ya kitu hicho. Ndiyo maana mwenye kamyoneti hawezi kujificha nyuma ya dereva wake. Na gari kutembea barabarani bila asiransi ya kuwalinda watu wengine kumekatazwa na sheria tangu 1973. Zamani asiransi ilikuwa SONAS, kampuni ya serikali, peke yake. Tangu sheria ya 2015 kampuni nyingine pia zinaruhusiwa. Kwa hiyo andikeni vizuri jina la kampuni na namba ya mkataba wa gari lile. Kama gari lililowagonga lingekuwa la kutoka Zambia au Tanzania, kama haya malori ya mpakani Kasumbalesa, mngetafuta kadi ya manjano ya COMESA, ile asiransi ya magari yanayovuka mipaka, maana Kongo imo kwenye mpango huo.

Lakini anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Athibitishe kosa, athibitishe madhara, kisha athibitishe kwamba madhara hayo yametokana na kosa hilo. Kosa mnalo, rulaji waliliandika. Madhara yapo kwenye radio. Yule bwana wa asiransi alikushika kwenye hilo la tatu. Wiki tatu zisizo na karatasi yoyote zinampa nafasi ya kuzijaza anavyopenda. Atasema mzee alianguka bafuni. Asipofaulu hapo atasema jeraha lilikuwa jepesi, ndiyo maana hamkuhangaika. Akishindwa tena atasema ni kweli mguu ulivunjika, ila umepinda kwa sababu mliukanda badala ya kuutibu, kwa hiyo sehemu ya gharama ni yenu. Hilo la mwisho ndilo ninaloliogopa zaidi, kwani jaji anaweza kupunguza fidia akiona mgonjwa mwenyewe amechangia ubaya wa jeraha. Hata hivyo kupunguza si kufuta, na jaji naye anaishi mji huuhuu, anajua kwa nini watu wanakwepa hospitali. Mwelezeni sababu yenu ilivyo, pamoja na habari ya shangazi. Si aibu.

Sasa kuhusu ile sertifika ya dola 30. Fungua kitenge, toa hizo pesa, ukanunue dawa za Papa. Usiichukue.

Hospitali ina rejista inayoandikwa mstari kwa mstari, siku kwa siku, na risiti zina namba zinazofuatana. Asiransi ikituma munganga wake akaangalie tarehe ile, hatamkuta Papa, na kuanzia saa hiyo kila mlichosema, hata kile cha kweli kabisa, kitaitwa uongo. Radio halali mliyo nayo itaanguka pamoja na sertifika ya bandia. Tena kuna hatari kubwa kuliko kukosa fidia. Kughushi maandishi kunaadhibiwa na kifungu cha 124 cha sheria za jinai, kifungo kinaweza kufika miaka 5, na kifungu cha 126 kinasema anayeitumia karatasi ya bandia kwa nia ya kudanganya anaadhibiwa kama aliyeiandika. Yule mtu atakuwa amekula dola zako na kutoweka. Wewe ndiwe utakayekutwa na karatasi mkononi. Mwambie kaka yako hivyo, na kama hataki kusikia kwako, msomee maneno yangu.

Ukweli wenu una nguvu kuliko unavyodhani, na unaanzia kwenye ile radio. Mfupa uliovunjika haubaki jinsi ulivyokuwa siku ya kwanza. Kwenye picha, ufa mpya una kingo kali. Baada ya wiki mbili tatu huanza kuonekana ukungu mweupe wa mfupa mpya unaojijenga kuuzunguka. Munganga wa picha akiutazama anaweza kukadiria umri wa jeraha. Umesema mfupa umeanza kujishika vibaya. Basi mfupa uliopigwa picha mwishoni mwa wiki ya tatu ukiwa umeanza kujishika haukuvunjika jana yake bafuni. Ombeni munganga aandike jambo hilo waziwazi: ameona nini, uponyaji umefika wapi, na kama hali hiyo inaendana na ajali ya tarehe ile. Aandike pia kwamba mtu anaweza kutembea akiwa amevunjika mfupa huo mwembamba, kwa sababu uzito wa mwili unabebwa zaidi na ule mnene wa mbele. Hapo swali la "mbona alikuwa anatembea" limekwisha.

Na kwa nini siku ya ajali Papa alisema yuko mzima? Mwili ukishtuka unamwaga adrenalini, na maumivu yanafunikwa kwa saa kadhaa. Shingo iliyotikiswa mara nyingi inaanza kuuma kesho yake au kesho kutwa. Bandama iliyojeruhiwa inaweza kupasuka siku nyingi baadaye. Damu ya kichwani nimekwisha kueleza, na kama skana itaionyesha, kuchelewa kwa dalili zake ni desturi ya ugonjwa wenyewe, munganga anaweza kuandika hivyo na hakuna wakala wa asiransi atakayempinga kirahisi. Wengine mnaosoma barua hii, yeyote aliyegongwa aonwe na munganga siku hiyohiyo au kesho yake, hata kama anaimba. Fishi moja ya kituo cha afya, yenye tarehe, bei yake ni ndogo kuliko safari mnazofanya baadaye kuitafuta haki.

Rudi kwenye zile wiki tatu. Hazikuwa tupu, mdogo wangu. Tafuta kwenye simu zenu picha za ule mguu uliovimba. Simu inahifadhi tarehe. Tafuta ujumbe mlioandikiana na ndugu, hata ule wa sauti, mkisema Papa hawezi kulala kwa maumivu. Risiti za farmasi za diklofenaki. Watu waliomletea Papa redio zao akawarudisha kwa kuwa hawezi kukaa kwenye kiti, waandike majina yao. Na mzee wa Ruashi. Wengi wanaona haya kumtaja munganga wa kienyeji mbele ya mahakama, wakidhani atawaharibia. Ni yeye aliyeushika mguu ule wiki ya kwanza akaukuta umevimba. Hatatoa sertifika, lakini ni shahidi kama shahidi mwingine, na anaposema "nilimpokea kwa sababu ya ajali ya gari" anaziba pengo lilelile ulilokosa jibu lake. Usimsahau manseba. Alikuwa pale, aliona kichwa kikigonga lami. Watu wa pikipiki hubadilisha namba za simu na vituo mara nyingi, mtafuteni wiki hii.

Halafu nendeni kwa rulaji mkaulize PV ya Papa, yale maandishi ya polisi kuhusu ajali, iko wapi. Kama bado iko mikononi mwa OPJ, yaani afisa mpelelezi, mwombeni aandike rekizisyo kwa munganga, ile barua ya polisi inayomwagiza munganga amchunguze majeruhi na kutoa ripoti. Ripoti ya namna hiyo ina uzito kwa sababu imeombwa na mpelelezi, haikununuliwa na familia. Kama faili limekwenda parke, ofisi ya waendesha mashtaka, ombeni namba ya RMP, namba ya faili lenu huko, muihifadhi. Na kama PV inasema "hakuna majeruhi" kwa sababu Papa mwenyewe alisema hivyo, msigombane na askari. Ombeni Papa, au mmoja wenu kwa niaba yake, asikilizwe tena na maelezo mapya yaandikwe kwenye faili.

Ile karatasi ya Kifaransa naitaka isomwe na avoka, yaani wakili, kabla hamjaongea tena na mtu yeyote. Dai nakala kwa mwenye kamyoneti. Kama inasema tu kwamba Papa alipokea dola 60 za dawa, haina ubaya wowote, tena inawasaidia: ni mwenye gari mwenyewe anakubali kwamba siku ile kulikuwa na mtu wa kutibiwa. Kama inasema Papa ameacha madai yote, jambo ni zito, kwa kuwa makubaliano yaliyotiwa saini yanawafunga waliosaini. Hata hapo avoka ana la kusema: makubaliano hayavuki mambo yaliyozungumzwa, na siku ile hakuna aliyejua habari ya mfupa wala ya kichwa, mzee alikuwa ametoka kugonga lami, hakuwa na miwani, hakusomewa. Tena kesi ya jinai haizimwi na karatasi ya watu wawili.

Kuhusu muda, kuna saa mbili zinazokwenda tofauti. Kujeruhi bila kukusudia kunaadhibiwa kwa kifungo kisichozidi mwaka 1, kwa mujibu wa kifungu cha 54 cha sheria za jinai, na kosa la namna hiyo serikali haiwezi tena kulishitaki mwaka 1 ukishapita. Njia ya jinai ndiyo rahisi kwa maskini, kwa kuwa parke inachunguza na ninyi mnaingia kama upande unaodai fidia. Nayo ikikawia, avoka anaweza kumwita mwenye kosa moja kwa moja mbele ya mahakama ya amani. Hesabuni mwaka huo kuanzia siku ya ajali. Madai ya kiraia yana muda mrefu, miaka 30 kwa kanuni ya jumla, lakini mikataba ya asiransi ina masharti yake na mashahidi wanahama, kwa hiyo miaka hiyo isiwalaze.

Pesa ya avoka isikutishe kabla hujauliza. Baro ya Haut-Katanga, chama cha mawakili wa jimbo letu, kama baro nyingine za nchi hii, ina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Sheria ya mawakili ya 1979 inaitaka iwepo. Nenda na faili lako limepangwa kwa tarehe: ajali, dola 60, mzee wa Ruashi, radio, asiransi, hospitali. Jibu la asiransi liombe kwa maandishi. Yule bwana alikukatalia kwa mdomo, na maneno ya mdomo huwezi kuyapeleka popote.

Usikubali kiasi chochote cha mwisho wakati huu, hata kiwe kikubwa kiasi gani machoni pako. Fidia inakadiriwa vizuri munganga akishasema jeraha limetulia, pengine amebaki na kilema cha kiasi fulani, pengine amepona. Kwa mguu ni miezi. Kwa kichwa hatujui hata tunaanzia wapi mpaka skana ifanyike. Niandikie matokeo yake, na kama hospitali itawaambia leo kwamba ni uchovu tu wa uzee bila kumpiga picha ya kichwa, waulize tena, uwatajie aspirini na lami.

Yaya